Uniti 75 zinazoamua sufuria ya Lushoto ibandikwe wapi

LUSHOTO. Saa moja asubuhi ya mwezi Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati ya mji, moto wa gesi jikoni kwa mwenyeji wangu uligeuka wa njano, ukanywea, ukazima. Juu yake kulikuwa na sufuria ya maharage iliyochemka saa nzima, na punje bado zilikuwa zinagonga mwiko.

Hakupoteza muda. Sufuria ilihamishiwa nje kwenye mafiga, mtoto wa kati akatumwa kuni, na mtungi mtupu wa kilo sita ukafungwa nyuma ya bodaboda. Duka la kwanza halikuupokea, kwa kuwa linauza gesi ya kampuni nyingine. Duka la pili lina gesi ya kampuni ile ile, lakini mitungi iliyojaa ilikuwa imekwisha na gari lilikuwa halijapanda kutoka Mombo. Duka la tatu lilikubali kubadilisha mtungi, ila kwa kuongeza fedha juu ya bei ya kujaza. Akaongeza.

Jioni, akipakua yale maharage, aliniuliza swali lililozaa makala haya. Kama kampuni za gesi ni nyingi kiasi kile, mbona yeye hawezi kuhama moja kwenda nyingine akafuata penye nafuu? Na huo umeme, mbona mwenye kuuza ni mmoja tu?

Kuna nchi ambako kuhama ni jambo la kawaida. Uingereza ilifungua soko la gesi na umeme wa majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kampuni bila nyaya wala bomba kuguswa. Kinachobadilika ni jina lililo juu ya bili. Uhuru huo una hatari zake. Bei ya gesi duniani ilipopaa mwaka 2021, zaidi ya kampuni 20 za huko zilianguka, na wateja wao wakagawiwa kwa kampuni zilizobaki.

Huku milima ya Usambara mambo ni tofauti. Nguzo inayopita mlangoni ni ya TANESCO, na hakuna mwingine wa kumkimbilia. Hata hivyo, kaya ya Lushoto inahama kila siku bila kujaza fomu yoyote: kutoka kuni kwenda mkaa, kutoka mkaa kwenda gesi, kutoka gesi kwenda umeme, kisha inarudi mafigani mtungi ukiisha tarehe 20. Nafuu iko humo, na vizuizi viko humo humo.

Kampuni moja, bei mbili

Tuanze na umeme, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoteza fedha bila kujua.

TANESCO haina mshindani nyumbani kwako, lakini ina bei mbili kwa wateja wa majumbani. Kundi la matumizi madogo, ambalo mtaani huitwa tarifu 4, hulipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni Sh350. Kundi la kawaida, tarifu 1, hulipa Sh292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza. Hizo ni bei zilizomo katika agizo la EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, lililoanza kutumika Aprili 2016.

Juu yake panda VAT ya asilimia 18, mchango wa asilimia 3 wa REA, wakala wa nishati vijijini, na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Ndiyo maana uniti ya Sh100 inamfikia mlaji kwa Sh122, na ile ya Sh292 kwa Sh356. Tofauti ni karibu mara tatu, kwa umeme ule ule, kwenye nguzo ile ile, na pengine kwa majirani wanaotenganishwa na ua wa michongoma.

> Umeme ule ule, nguzo ile ile: jirani mmoja analipa Sh122 kwa uniti, mwenzake Sh356.

Kujua uko kundi gani hakuhitaji kwenda ofisini. Chukua ujumbe wa LUKU wa mwisho, gawanya fedha kwa uniti ulizopata. Sh5,000 ikikupa uniti 14, uko tarifu 1. Ikikupa karibu uniti 41, uko tarifu 4. Usipige hesabu hiyo kwa ununuzi wa kwanza wa mwezi, maana ndipo inapokatwa kodi ya jengo, ambayo tangu Julai 2023 ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na itakuharibia jibu.

Nimekutana na kaya zenye taa nne, redio na chaji za simu zinazolipa kwa bei ya tarifu 1. Pengine nyumba iliwahi kuwa na mpangaji mwenye friji na pasi, akavusha matumizi, akahama, na mita ikabaki kundi la juu. Mwenye nyumba wa namna hiyo anaweza kwenda ofisi ya TANESCO na kuomba matumizi yake yaangaliwe upya. Kwa mtumiaji wa uniti 30 kwa mwezi, tofauti ni kati ya Sh3,660 na Sh10,690. Fedha hiyo ni ya daftari, ya sabuni, ya nauli ya kwenda Soni na kurudi.

Mlima unakula moto

Mtu wa Tanga mjini anaweza asielewe kwa nini maharage yana habari kubwa hivi katika makala ya nishati. Mtu wa Lushoto anaelewa.

Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na vijiji vya Shume viko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kabla hayajapata joto la nyuzi 100. Lushoto yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukiyachochea zaidi hayapandi. Yanageuka mvuke na kukupotezea moto. Maharage, makande na nyama ya ng'ombe mzee vinaiva kwa joto hilo dogo, kwa hiyo vinachukua muda mrefu, na muda ni gesi, ni mkaa, ni kuni.

Baridi inaongeza tatizo. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propane na butane, na butane hugoma kugeuka hewa kadiri baridi inavyozidi. Asubuhi za Juni na Julai mtungi uliokaribia kuisha hutoa moto dhaifu wakati bado una kitu ndani. Wapo wanaouweka karibu na moto wa kuni ili upate joto. Jambo hilo ni la hatari kubwa, lisifanywe kabisa. Unaloweza kufanya ni kuusubiri mchana, au kuulaza ndani ya nyumba usiku mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto wowote.

Dawa ya mwinuko inajulikana: sufuria ya presha. Mfuniko wake unaofunga kabisa hubana mvuke, joto la maji likapanda kuliko lile la sufuria iliyo wazi, na maharage yakaiva kwa sehemu ndogo ya muda. Ile ya umeme ina jambo la ziada. Ikishafika joto linalotakiwa hujikata yenyewe, ikawa inawaka na kuzima. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukatika linakula uniti moja. La presha halifiki huko kwa sufuria ya maharage. TaTEDO, shirika la Kitanzania lililojikita katika nishati tangu 1990, limekuwa likiyanadi majiko haya kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yangu, hakuna mahali nchini yanapostahili kufika haraka kuliko nyanda za juu kama hizi.

Hesabu ya mwezi mmoja

Hapa naomba msomaji anivumilie kwa namba, kwa sababu ndizo zinazojibu swali la mwenyeji wangu.

Tuseme kujaza mtungi wa kilo sita ni Sh25,000. Bei hupanda na kushuka, na huko Mtae au Mlalo huwa na nauli juu yake. Kilo sita za gesi zina joto linalolingana na uniti 77 za umeme, lakini jiko la kawaida la gesi hupitisha kwenye sufuria nusu yake na zaidi kidogo. Lililobaki linapasha hewa ya jikoni. Kazi hiyo hiyo ya mtungi mmoja inaweza kufanywa na jiko la umeme la koili kwa uniti zipatazo 60.

Uniti 60 kwa tarifu 1 ni Sh21,400. Kwa tarifu 4 ni Sh7,300. Na hiyo ni koili. Ukichanganya na presha kwa vyakula vigumu, uniti zinapungua tena.

Kwa hiyo aliye tarifu 1 tayari anaokoa kidogo akipikia umeme badala ya gesi. Wengi hawaamini, kwa sababu tumelelewa kuogopa jiko la umeme kama mwizi wa LUKU. Na aliye tarifu 4, kwa namba hizo, angeacha gesi leo.

Haachi, na ana sababu. Taa, televisheni, pasi na simu tayari vinakula uniti 30 hivi. Akiongeza 60 za kupikia anafika 90, na mpaka wake ni 75. Zile 15 zilizozidi atazilipia Sh427 kila moja pamoja na kodi. Mwezi wa kwanza atalipa jumla ya Sh15,555, ambayo bado ni nafuu. Lakini akizidisha kila mwezi, anahamishiwa tarifu 1, na uniti zake zote 90 zinakuwa Sh32,000. Angebaki na mtungi wa gesi na taa zake za bei ya chini, angetumia Sh28,660.

> Anayepikia umeme kila siku anahamishwa kundi. Anayerudi kwenye gesi na kuni anabaki na nafuu yake.

Kwa maneno mengine, utaratibu wa bei unamwadhibu mpishi kwa kufanya kile ambacho serikali inamwomba afanye. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Umeme umo katika nishati hizo. Uniti 75 hazijawekwa kwa ajili ya nyumba inayopika.

Mtungi ni wa nani?

Turudi dukani. Oryx, Taifa Gas, Lake Gas, O-Gas, Manjis: majina si machache, na kila moja lina tangazo lake ukutani. Huo ni ushindani, na ushindani ungepaswa kumpa mlaji nguvu. Lakini mtungi ndio unaomfunga. Fedha aliyotoa siku ya kwanza, kubwa kuliko bei ya gesi yenyewe, ilikuwa ya chombo chenye jina la kampuni. Akitaka kuhama, chombo hicho kinageuka mzigo.

Kampuni zina hoja, na ni hoja nzito. Mtungi ni mtaji wao; wao ndio wanaowajibika kuupima, kubadilisha valvu na kuuondoa sokoni ukichakaa. Wakiruhusu yeyote aujaze, nani atajibu ukilipuka? Usiku wa kuamkia Februari 2, 2024, mlipuko katika kituo cha gesi kisicho halali huko Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia. Anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani kwake anacheza na kifo cha mtaa mzima.

Kenya wenyewe wamepitia pande zote mbili za ubishi huu. Kanuni zao za mwaka 2009 ziliweka valvu ya aina moja na kulazimisha kampuni kupokea mitungi ya wenzao, ili mlaji abadilishe popote. Wateja walinufaika, lakini kampuni zilizowekeza kwenye mitungi zililalamika kwamba wengine wanavuna wasichopanda, na wajazaji haramu wakaota kama uyoga. Kanuni za 2019 zikaondoa ulazima huo, na kubadilishana kukabaki kwa makubaliano ya kampuni zenyewe.

Funzo ninaloliona hapo ni kwamba kubadilishana mitungi si jambo baya. Lililokosekana ni usimamizi na utaratibu wa kurudishiana vyombo. Mtungi ungehesabiwa kama amana: ukirudisha ukiwa mzima unapewa fedha yako, kiasi kinachojulikana, kisha unakwenda unakotaka. Kampuni inabaki na chombo chake, mlaji anabaki na uhuru wake, na hakuna anayejaza mtungi wa mwenzake.

Wakati tukisubiri, kuna haki ambayo tayari ipo na watu hawaidai. EWURA inawataka wauzaji wa gesi wawe na mizani, na mteja ana haki ya kupimiwa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Uongeze kilo sita. Mizani isipofika hapo, usilipe. Siku ile Lushoto, katika maduka matatu tuliyopita, hakuna aliyetupimia na hakuna aliyedai kupimiwa, mimi mwenyewe nikiwamo.

Gesi ya Songosongo haimo mtungini

Swali moja hujitokeza kila gesi inapopanda bei: mbona gesi ni yetu? Gesi asilia ya Songosongo, iliyoanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, si hii ya mtungini. Gesi asilia husafiri kwa bomba. Ya mtungini huja kwa meli kutoka nje, ikanunuliwa kwa dola, ikapandishwa Usambara kwa lori kwenye kona za barabara ya Mombo. Mvua zikiporomosha udongo barabarani, jiko la Lukozi linajua siku hiyo hiyo.

Umeme, kwa upande wake, una asili ya karibu zaidi. Maji yanayoporomoka Soni hushuka Mombo, yakaingia mto Mkomazi, kisha Pangani, na Pangani ndiyo inayozungusha mitambo ya Hale, iliyojengwa miaka ya 1960, na ya New Pangani Falls ya miaka ya 1990. Sasa limeongezeka bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Nchi ina umeme wa kupikia maharage.

Kuni zisizo na risiti

Ipo nishati ya nne, ambayo haina kampuni wala tangazo. Milima hii imetoa kuni na mbao kwa watu wengi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Wajerumani walijenga njia ya waya ya kushusha mierezi kutoka msitu wa Shume hadi Mkumbara bondeni. Miaka ya 1980 mradi wa SECAP ukawafundisha wakulima kupanda miti kwenye kingo za mashamba kuzuia mmomonyoko. Matawi ya miti ya aina hiyo, migrevilea kwa mfano, yamepika vyakula vingi vya watoto waliozaliwa huku.

Kwa hiyo kuni za Lushoto si lazima ziwe za kuiba msituni Magamba. Nyingi zinatoka shambani, na mabanzi yanatoka kwenye viwanda vya mbao. Ndiyo sababu watu huziita za bure. Gharama yake inalipwa na mgongo wa mama, macho yanayotoa machozi na kifua cha mtoto anayekohoa kwenye jiko lisilo na dirisha. Haiandikwi popote, kwa hiyo haiingii kwenye hesabu ya baba anaposema gesi ni ghali.

Serikali, kupitia REA, imeuza mitungi ya kilo sita kwa ruzuku ya nusu bei, 3,255 kwa kila wilaya. Ni mwanzo mwema. Lakini wilaya hii, Bumbuli ikiwemo, ilikuwa na watu 492,441 katika sensa ya 2012. Na ruzuku ile ni ya mtungi wa kwanza tu. Anayenunua mkaa kwa kopo la jioni hana Sh25,000 za kutoa kwa mkupuo mwezi unaofuata. Kampuni ya KopaGas iliwahi kuonyesha Dar es Salaam kwamba mita ndogo kwenye mtungi inaweza kumwezesha mlaji kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, kama LUKU. Teknolojia yake ilinunuliwa na Circle Gas mwaka 2020. Mlimani huku ndiko unakohitajika utaratibu wa namna hiyo.

Mpaka uliwahi kusogezwa

Nilimpa mwenyeji wangu majibu niliyokuwa nayo. Mita yake ni ya tarifu 4. Tulipiga hesabu pamoja kwenye ujumbe wa simu. Ameamua kununua jiko la presha la umeme akivuna karoti, atumie kwa maharage na makande tu, huku akiangalia uniti zisivuke 75. Ugali na chai vitabaki kwenye gesi. Mafiga yatabaki nje, kwa siku umeme ukikatika.

Ni mpango mzuri wa mtu mwenye akili anayeishi ndani ya kanuni mbovu. Hapaswi kuhesabu uniti kama anayehesabu vidonge.

Mpaka wa matumizi madogo haujawahi kuwa amri isiyoguswa. Kabla ya Januari 2014 ulikuwa uniti 50, na ukasogezwa hadi 75. Wakati huo hakukuwa na mkakati wa kupikia umeme. Sasa upo, na EWURA ndiyo yenye kalamu: iuhesabu mpaka huo upya, safari hii sufuria ikiwemo.